Miaka minne naambiwa "ni gesi tu", kumbe utumbo una vifuko. Wenye matumbo yasiyoeleweka tukutane hapa

MzeeWaMasafa (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za usiku. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Nauandika nikiwa kwenye foleni ya mpakani Tunduma, siku ya pili leo. Bando ninalo, usingizi sina.

Mimi ni dereva wa malori, Dar hadi Lubumbashi, mwaka wa 22 huu. Umri 54. Tumbo lilianza kunisumbua 2019. Maumivu yalikuwa chini kushoto, pale ukishuka kutoka kitovuni kuelekea kwenye kinena. Hayaji kila siku. Yanakuja, yanakaa siku mbili tatu, yanaondoka, nasahau. Choo nacho hakina msimamo: siku tatu hakuna kitu, ya nne vigololi kama vya mbuzi, ya tano naharisha. Tumbo linajaa mpaka mkanda naufungua nikiwa kwenye usukani.

Sasa hesabuni na mimi. Duka la dawa la kwanza: minyoo. La pili: amiba, nikapewa Flagyl. Zahanati moja njiani wakanitoboa kidole, wakasema taifodi, vidonge siku kumi. Miezi miwili baadaye taifodi tena. Halafu UTI. Halafu vidonda vya tumbo, omeprazo miezi mitatu, mpaka nikaenda Dar kumezeshwa ule mpira wenye kamera. Safi. Ultrasaundi: safi, "gesi nyingi". Daktari kijana akaniambia mzee huna kitu, punguza mawazo. Mama mkwe akasema hiyo ngiri, akaniletea mizizi ya kuchemsha kutoka Handeni. Shemeji yangu akaenda mbali zaidi, akasema kuna mtu pale kazini hanitakii mema.

Februari 2023 nimetoka Ruaha Mbuyuni, nimekula nyama choma na chipsi, napandisha Kitonga. Hapo ndipo lilipoanza kukaza. Walioendesha lori wanajua Kitonga ni gia na klachi, na klachi inakanyagwa kwa mguu wa kushoto. Kila nikiikanyaga ni kama mtu ananigongea msumari ndani ya tumbo. Nilifika Mafinga natetemeka kwa homa, utingo wangu akaomba msaada kwa dereva mwenzetu nikapelekwa hospitali. Daktari wa zamu alinibonyeza upande wa kushoto polepole, nikaruka. Akasema ingekuwa kulia ningesema apendeksi, lakini hii ni kitu kingine, nenda Dar ukapige CT.

CT ikaonyesha. Utumbo mpana, sehemu ya chini kushoto, ukuta umevimba, una vifuko, na kimoja kimewaka moto. Kwa bahati hakikuwa kimetoboka wala kutengeneza jipu la usaha. Nikalazwa siku nne kwa dripu na sindano.

Daktari wa upasuaji, mtu mzima, aliniuliza kazi yangu. Nikamwambia. Akauliza, umewahi kuona tairi limepasuka nyuzi ubavuni, tyubu inachungulia? Nikamjibu nimeyaona mengi kuliko wewe. Akacheka, akasema basi utumbo wako ndio huo. Ukuta wa utumbo mpana una misuli, na mishipa ya damu inapenya kwenye misuli hiyo kupeleka damu ndani. Pale inapopenya ndipo penye udhaifu. Presha ya ndani ikizidi miaka na miaka, ngozi ya ndani inasukumwa kupitia penye udhaifu, inatokeza nje kama kifuko kidogo, ukubwa wa njegere. Kifuko kimoja wanakiita daivatikula. Kuwa navyo tu ni daivatikulosisi. Kikiwaka ndiyo daivatikulaitisi.

Halafu akauliza natumia dawa gani za mara kwa mara. Nikamwambia diklofenaki ya mgongo, karibu kila safari. Akaweka kalamu mezani, akaniangalia tu.

Nitaendelea na habari ya kamera ya chini (ile inayopitishwa njia ya haja kubwa) na chakula. Nataka kwanza nijue: humu kuna mwingine?

KichwaNgumu

Mkuu pole. Lakini si huu ni ugonjwa wa wazungu? Babu yangu kala ugali miaka 90 na tumbo halijawahi kumuuma.

MzeeWaMasafa

Babu yako alikuwa anakula chipsi mayai saa tano usiku pale Mikumi na kubana haja mpaka Iringa?

KichwaNgumu

😂 Nimekaa.

NesiMstaafu

Mdogo wangu, pole na safari. Nimekaa wodini miaka 31, kumi ya mwisho wodi ya upasuaji, nikaona niweke senti zangu mbili kabla wauza dawa hawajafika.

Kuwa na vifuko siyo kuugua vifuko. Hili wanalichanganya hata wauguzi wenzangu. Ulaya na Marekani, kwenye watu waliofika miaka 60 karibu nusu wanavyo, na wengi wao wanazikwa navyo bila kujua. Wanaokuja kupata uvimbe kama wako ni wachache, tafiti za miaka ya karibuni zinaweka chini ya watu 5 katika kila 100 wenye vifuko. Kwa hiyo ukipimwa ukaambiwa unavyo, usianze kugawa shamba.

Kwa nini walikukosa miaka minne? Tusiwalaumu wote. Kamera ya mdomoni inaishia tumboni na mwanzo wa utumbo mwembamba, haikaribii kabisa ulipokuwa ugonjwa wako. Ultrasaundi inasumbuliwa na gesi, na wewe ulikuwa nayo tele. Kile kipimo cha taifodi cha kutoboa kidole kinatafuta askari wa mwili, na askari hao wanaweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya taifodi kupita, au wakawa wa maambukizi mengine kabisa. Kipimo kimoja cha namna hiyo hakitoshi kumwambia mtu ana taifodi. Cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, ila hakipo kila mahali na majibu yake huchukua siku. Basi mtu wa Tanzania akiumwa tumbo anakuwa na taifodi na UTI kwa pamoja mpaka atakapofika mbele ya mtu mwenye subira ya kumuuliza maswali.

Linalonikera mimi ni lile "huna kitu". Majibu yakiwa safi maana yake kile kipimo hakijaona, basi. Mgonjwa bado anaumwa.

Na ile diklofenaki: iache. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, zinaongeza hatari ya kifuko kuvimba, kutoboka na kutoa damu. Zingine za kujihadhari nazo ni steroidi na dawa kali za maumivu za jamii ya kodeini. Sigara na kitambi vimo humo humo. Kwa maumivu ya kawaida tumia parasetamo, na mgongo umpelekee mtu wa mazoezi ya viungo.

Mpwani_254

Shikamoo mama nesi. Mimi niko Mombasa. Mzee wangu ana miaka 71, Ijumaa moja katoka msikitini, kaingia chooni, katoka rangi imempotea. Damu tele, nyekundu iliyokoza, na haumwi popote. Sisi tukadhani bawasiri. Kufika hospitali akaongezwa damu chupa tatu. Baada ya siku mbili ikakatika yenyewe. Wakampitisha kamera, kumbe ni vivyo vifuko. Hajawahi kulalamika tumbo maisha yake yote. Sasa anameza aspirini ya moyo, ndugu wanagombana: mmoja asema aache, mwingine asema asiache. Na Ramadhani iko njiani, atafunga kweli?

NesiMstaafu

Marahaba baba. Hiyo ndiyo sura ya pili ya ugonjwa. Kifuko kinapotokea pale penye mshipa wa damu, mshipa unabaki umetandazwa juu yake, umekonda. Ukipasuka damu inamwagika bila maumivu. Mara nyingi hukata yenyewe kama ilivyokuwa kwa mzee, lakini usimkalishe mtu nyumbani kusubiri ikate. Ni siku hiyo hiyo hospitali.

Aspirini msiamue kwenye kikao cha ukoo. Mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo au kuwekewa kifaa kwenye mshipa akiiacha ghafla anaweza kufa kwa moyo huku mmeokoa utumbo. Daktari wa moyo na wa tumbo wazungumze, mpeleke makaratasi ya pande zote mbili.

Kufunga pia amuulize daktari wake, hasa kama damu imemtoka karibuni. Akiruhusiwa, tatizo kubwa huwa maji. Anywe kidogo kidogo kutoka futari hadi daku, asingoje kubugia jagi zima saa kumi alfajiri. Na asibane haja kwa sababu ya tarawehe.

DawaAsiliBomba

Ndugu wagonjwa msihangaike, kuna unga wa mizizi saba unasafisha utumbo wote, vifuko vinajifunga ndani ya siku 14. Njoo inbox.

MzeeWaMasafa

Ndugu, vifuko vikishatokea havirudi ndani. Tairi likishatoa nyuzi hulirudishi kwa unga. Hivyo visafisha utumbo ndivyo nilivyokunywa 2021 nikaharisha kutoka Makambako mpaka Mbeya. Pita salama.

MamaTausi

Naomba niingie japo sina vifuko. Mimi ni mwalimu, Tanga, miaka 38. Hadithi yangu na ya mzee zinafanana mpaka ukurasa wa mwisho, hapo tunaachana.

Miaka sita. Tumbo linauma, linajaa, naharisha wiki hii, wiki ijayo nimefunga. Nikienda haja maumivu yanapungua, halafu yanarudi. Nimepimwa choo mara sijui ngapi. Nilikutwa na bakteria wa vidonda, wale H. pylori, nikameza dawa siku 14, wakaisha, tumbo likabaki pale pale. Nimepimwa kizazi. Nimepimwa kichocho kwa sababu nimefundisha Ukerewe. Mwisho nikakopa hela nikaenda kupiga CT na kamera ya chini. Nikaambiwa habari njema mwalimu, utumbo wako ni msafi kabisa.

Nililia kwenye bajaji. Dereva akadhani nimepata majibu mabaya, akanipa pole. Nitamwelezaje kwamba nalilia majibu mazuri? Nilikuwa nataka kionekane kitu. Baba Tausi si mtu mbaya, lakini alishaanza kuwa na ile sura ya "tumbo tena?" Na nyumbani kwetu wakwe walishasema najisingizia ili nisiende shamba.

Aliyenisaidia ni daktari mama mmoja ambaye hakunipima chochote kipya. Alinisikiliza karibu saa nzima. Akasema utumbo una neva zake nyingi mno zinazowasiliana na ubongo, na kwa watu wengine neva hizo zinakuwa kama mbwa mzuri wa ulinzi, ila anabwekea hata wenye nyumba. Gesi ambayo mwingine haihisi, mimi inanilaza. Ugonjwa una jina, kwa kifupi wanauita IBS, na una vigezo: maumivu angalau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu ya karibuni, yanayoendana na haja au mabadiliko ya choo, na yawe yalianza miezi sita au zaidi iliyopita. Yote ninayo.

Akaniandikia amitriptilini, dozi ndogo usiku. Nikasoma karatasi ya ndani nikakuta ni dawa ya sonona. Nikampigia kwa hasira, kumbe na wewe unaniona kichaa? Akasema kwa dozi ile inatuliza neva za utumbo, wala hajanitibu sonona. Kwa kweli imesaidia. Siyo kupona. Imesaidia.

NesiMstaafu

Mwalimu, umenitoa machozi na mimi. Niongeze kwa wasomaji: hilo jina la IBS linatolewa baada ya mtu kuhakikisha hakuna ishara za hatari. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila kutaka, upungufu wa damu, maumivu au kuharisha kunakokuamsha usiku, homa, au choo kubadilika kwa mara ya kwanza ukiwa umevuka miaka 50, hapo usikubali kuambiwa mawazo. Saratani ya utumbo mpana ipo kwetu, na tunawapata wamechelewa.

Na kwa wenye vifuko, tumbo likiwa gumu kama ubao, ukitapika huku hutoi hata hewa, au mkojo ukianza kutoka na viputo vya hewa au harufu ya kinyesi, usilale. Hilo la mkojo watu wanaona aibu kulisema. Maana yake kifuko kimetoboa njia hadi kwenye kibofu, na hakuna kidonge kinachoziba tundu hilo.

MzeeWaMasafa

Mwalimu pole sana. Maneno ya bajaji yamenigusa, maana mimi nilipoambiwa nina ugonjwa, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kamera ya chini sasa. Waliningojesha wiki saba. Niliuliza kwa nini msiniangalie leo nikiwa kitandani, wakasema utumbo uliovimba ni rahisi kutoboka, acha upoe, halafu tuhakikishe hakuna saratani iliyojificha nyuma ya uvimbe. Siku moja kabla unakunywa dawa ya kusafisha, lita nne za maji yenye ladha ya chumvi na jiki. Kwangu ni nyumba ya kupanga, choo kimoja, familia nne. Nilienda kwa kila mlango kuomba radhi mapema. Jirani mmoja akahamia kwa dada yake siku ile. Bado tunacheka.

Kamera yenyewe hukumbuki, wanakupa dawa ya kusinzia. Wakakuta vifuko vingi kushoto, na kinyama kimoja wakakikata, maabara wakasema si saratani.

Chakula. Siku za mwanzo vimiminika tu na uji mwepesi uliochujwa. Halafu mtori, wali laini, ndizi mbivu. Uvimbe ulipoisha ndipo wakasema rudisha nyuzinyuzi, polepole, huku unakunywa maji. Mimi kwa ujuaji wangu nikaamka siku moja na dona, maharage, kisamvu na papai zima. Usiku ule nilijua nimerudi Mafinga. Mtaalamu wa lishe akanicheka: gramu 30 kwa siku ndiyo shabaha, kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina karibu nusu yake, lakini mwili uliozoea chipsi unafika huko kwa wiki nyingi. Wapo wanaotumia isabgol, yale maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi ya maduka ya Wahindi, kijiko na maji mengi. Bila maji inageuka saruji, msinilaumu.

Leicester_Dada

Jamani hapa nilipo ni saa sita usiku na nimesoma uzi wote. Kazi yangu kuhudumia wazee. Huku England wenye miaka 50 hadi 74 wanatumiwa kwa posta kipimo cha choo, unachukua nyumbani unakirudisha. Changu kikakuta damu kidogo, nikaitwa kwenye kamera. Bawasiri, na "vifuko vimeonekana". Basi, barua ikaishia hapo. Maumivu sina na sijawahi kuwa nayo.

Mzee ninayemhudumia, bibi wa Kiingereza, akaniambia yeye tangu miaka ya themanini haruhusiwi kula mbegu, eti zinanasa ndani ya vifuko. Mwaka mzima sikugusa karanga, bisi, nyanya, wala kashata ambayo mama anatuma kutoka Tanga. Kashata! Nilikuwa natoa mbegu za nyanya kwa kijiko. Ni kweli au nimejitesa?

NesiMstaafu

Umejitesa, mwanangu. Na sisi tuliwatesa wengi, maana ndivyo tulivyofundishwa. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, ilionekana tu ina akili. Mwaka 2008 ukatoka utafiti wa Marekani uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 18. Waliokula karanga, korosho na bisi kwa wingi hawakuvimba vifuko zaidi ya wengine. Tena waliovimba kati yao walikuwa wachache zaidi, yaani nafuu ilikuwa kwao. Mpigie mama atume kashata. Na kwa kuwa huna maumivu, wewe si mgonjwa wa vifuko. Unavyo tu, kama mvi.

Leicester_Dada

Kama mvi! Naiandika ukutani.

MtotoWaKagera

KichwaNgumu aliposema ugonjwa wa wazungu hakukosea sana kihistoria. Kuna daktari wa upasuaji wa Ireland, Denis Burkitt, alifika Uganda 1946, baadaye akafanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, miaka mingi. Wengi wanalijua jina lake kwa ile saratani ya taya za watoto aliyoieleza 1958. Alikuwa na jicho moja, lingine lilipotea utotoni. Huyu alikuwa anawauliza madaktari wa hospitali za mbali Afrika nzima: mnaona nini, hamwoni nini? Vifuko vya utumbo karibu hawavioni, wakati Uingereza vimejaa. Mwaka 1971 yeye na mwenzake Neil Painter wakaandika kwamba ni ugonjwa wa upungufu wa nyuzinyuzi, wa watu wanaokula unga uliokobolewa.

Mahubiri yote ya "kula dona" kwa kiasi kikubwa yametoka hapo. Ila msiishie hapo. Mwaka 2012 Wamarekani waliowapitisha kamera watu zaidi ya 2,000 hawakukuta kwamba wanaokula nyuzinyuzi wana vifuko vichache. Na kuna urithi wa damu ndani yake pia. Halafu Asia ya mashariki vifuko vingi viko kulia, wala si kushoto kama kwa mzee wetu, mbona? Kinachosimama vizuri zaidi mpaka sasa ni kwamba nyuzinyuzi zinapunguza uwezekano wa vifuko kuvimba. Mimi nakula dona. Lakini simwambii mtu kwamba angekula dona asingeugua. Hiyo ni kumlaumu mgonjwa.

MamaTausi

Na hapo ndipo mnaponichanganya wengine. Mzee anaambiwa ongeza maharage, mimi maharage ndiyo adui. Daktari alinitolea chai ya maziwa wiki tatu, nusu ya gesi ikaondoka. Ameniambia watu wazima wengi wa kwetu hawasagi sukari ya maziwa, isipokuwa hasa jamii za wafugaji. Mtindi navumilia. Vitunguu vibichi, ngano nyingi, maembe, maharage ambayo hayakulowekwa, ndiyo yananiangusha. Nikiyaloweka usiku kucha na kumwaga maji, bakuli dogo linapita. Sasa nikija kwenye uzi kama huu nikasoma "kula maharage", nikila naumwa, mtaniambia nini?

NesiMstaafu

Tutakwambia usisome dawa ya mwenzio, mwalimu. Yeye ana vifuko, wewe neva. Na kuna bahati mbaya ya watu wenye vyote viwili, hao hata madaktari hukuna kichwa.

MzeeWaMasafa

Mama, nadhani mimi ndiye huyo wa vyote viwili. Tangu 2023 sijalazwa tena, lakini maumivu madogo yanakuja. Mwaka jana nilikimbia hospitali mara mbili, damu ikapimwa, CT ikapigwa, hakuna uvimbe. Mara ya pili sikutaka antibayotiki, maana nilisoma kuna tafiti za Sweden na Uholanzi kwamba uvimbe mdogo usio na jipu unapona hata bila hizo.

NesiMstaafu

Tafiti zipo na ni za kweli, lakini walioachwa bila antibayotiki walikuwa wamepigwa CT kwanza na wanaangaliwa. Siyo mtu anayeamua akiwa mpakani Kasumbalesa. Homa ikipanda unaacha lori.

MzeeWaMasafa

Nimesikia dada. Nilichojifunza mwenyewe ni daftari. Lile lile la safari, kurasa za nyuma. Naandika nimekula nini, nimekunywa chupa ngapi, choo kimekujaje, nimelala wapi, homa ipo au haipo. Baada ya miezi mitatu nikaona kitu ambacho hakuna kipimo kingekiona: maumivu yangu mengi hayafuati chakula. Yanafuata foleni. Nikikaa mpakani siku tatu bila kutembea, nabana haja kwa sababu ya uchafu wa vyoo, ya nne naumwa. Daktari alisoma zile kurasa kwa dakika kumi, ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza maswali ya maana.

MamaTausi

Mzee tuwekee ukurasa mmoja tuone unavyoandika. Mimi naanza leo.

MzeeWaMasafa

Huu wa wiki hii, nimenakili kama ulivyo (namba ya tumbo ni maumivu, 0 maana yake hakuna):

J2. Dar–Moro. Uji wa ulezi, mayai. Mchana wali kunde. Maji chupa 3. Choo kizuri asbh. Tumbo 0.

J3. Ruaha Mbuyuni. Ugali (sembe, dona hawana), mchicha, samaki. Nimetembea sokoni nusu saa. Tumbo 0.

J4. Mafinga–Tunduma. Soda 2. Karanga. Maji chupa 1, kosa. Choo hakuna. Tumbo 2.

J5. Foleni. Choo cha hapa hakifai. Tumbo 4 kushoto, homa hakuna. Parasetamo 2. Nimetembea mpaka mizani na kurudi mara 3.

Alh. Foleni. Utingo kapata choo safi kwa mama ntilie, sh. 500. Papai. Tumbo 2.

KichwaNgumu

Mkuu hicho choo cha 500 kiko upande gani? Mimi nafika kesho.

MzeeWaMasafa

Nyuma ya vibanda vya kubadilisha hela, geti la bluu. Beba maji yako. Foleni imesogea, naondoka.